Uzi maalumu: Kuchagua vipuri vya mashine kubwa ya gemu ukiwa Dar. Anza na kioo, umeme na hewa, kadi ije baadaye

#1 Msuka_Waya

Wakuu, habari za jioni.

Ndani ya wiki moja nimepokea jumbe tatu za faragha zenye swali moja: "Mkuu nina kama milioni kumi na moja, nataka mashine ya gemu ya daraja la juu, nichukue kadi gani?" Nimeona heri nijibu hapa jukwaani. Mwenye uzoefu tofauti aje anisahihishe, nitashukuru.

Kwanza niseme linaloniuma. Karibu sote tunaanza na kadi ya grafiki, ile inayochora picha za gemu, kwa sababu ndiyo inayong'aa kwenye video. Video zile zinapigwa kwenye vyumba vya nyuzijoto 20, kwenye miji ambayo umeme kukatika ni habari ya gazetini. Mimi niko Mbezi. Januari, saa nne usiku, madirisha wazi, chumba changu kinasoma nyuzijoto 31. Umeme unakatika, unarudi kwa kishindo, unanywea, unapanda tena. Vipuri vile vile vikifungwa huku vinaishi maisha mengine kabisa. Ndiyo maana siku hizi nachagua kinyumenyume: kioo (monita), umeme, hewa, halafu kadi na prosesa (ubongo wa kompyuta) zigawane kinachobaki.

Nilijifunza kwa machungu. Mwaka 2021 nilifunga mashine yangu ya kwanza ya maana. Pesa yote ilikwenda kwenye kadi na prosesa, pawa saplai (inayogawa umeme kwa vipuri vyote) nikatumia ile iliyokuja ndani ya kasha, ina stika ya wati 600. Ilidumu miezi minne. Jumapili moja mchana umeme ulikatika na kurudi mara mbili mfululizo, nikasikia mlio mdogo tu, "pah", chumba kikajaa harufu ya plastiki. Saplai ilikufa, ikaondoka na ubao mama (ule ambao vipuri vyote huchomekwa) pamoja na kadi. Duka lililoniuzia likasema waranti haihusu mambo ya umeme. Kadi ile nilikuwa nimeidunduliza kwa miezi kumi na minne.

Sasa tuingie kazini.

Kioo ndicho kinachoamua kila kitu, na watu wengi wanakinunua mwisho kwa chenji iliyobaki. Kioo cha 1080p kina pikseli milioni 2.07, cha 1440p milioni 3.69, cha 4K milioni 8.29. Ukitoka 1440p kwenda 4K, kadi inachora zaidi ya maradufu kwa kila fremu, yaani kila picha moja. Bei ya kadi inapanda, wati zinapanda, joto linapanda. Kwa anayekaa mezani, inchi 27 ya 1440p, OLED, 240Hz (picha 240 kwa sekunde) inatosha kukufanya usahau kuna kitu kingine duniani. Weusi wake ni weusi kweli, maana kila pikseli inajizima yenyewe, na kitu kinachokimbia hakiachi mkia.

Ila OLED ina jambo moja ambalo sisi Waswahili tunalikosea. Tumelelewa kuzima swichi ya ukutani kila tukiondoka. Kioo cha OLED hujisafisha pikseli zake kikiwa kimezimwa kwa kitufe lakini bado kina umeme. Ukizima ukutani mara baada ya kucheza, hakipati nafasi hiyo, na alama za ramani na risasi zinaweza kubaki zimechorwa humo daima. Zima kwa kitufe, kiache kimalize, swichi ya ukutani utaizima baadaye.

Umeme. Hapa naomba subira, maana ndipo mashine zetu nyingi zinapofia.

Pawa saplai nunua ya kiwango cha ATX 3.1, 80 Plus Gold, kutoka kwa jina linaloeleweka: Corsair RMx, Seasonic Focus, be quiet!, hizo jamii. Kadi za sasa zinaweza kuruka ghafla mpaka juu sana ya wati zilizoandikwa, kwa sehemu ndogo ya sekunde. Saplai za viwango vya ATX 3 zimetengenezwa kuhimili mruko huo, za zamani nyingi zinajizima. Stika ya dhahabu peke yake haisemi kama ndani kuna ulinzi wa maana. Inasema umeme kiasi gani unapotea kuwa joto, basi.

Halafu UPS, ile betri ya akiba inayoshika umeme ukikatika. Zile za bei ndogo zinatoa wimbi la umeme la ngazi-ngazi badala ya wimbi laini. Saplai nzuri ina saketi inayorekebisha namna inavyovuta umeme, na nyingine ikipewa wimbi la ngazi-ngazi inagoma, mashine inazimika sekunde ile ile ambayo UPS ilitakiwa kukuokoa. Kwa hiyo tafuta yenye wimbi laini na yenye AVR ndani yake, ile inayopandisha umeme ukinywea na kuushusha ukizidi. Tena usisome VA, soma wati. UPS iliyoandikwa 1500VA mara nyingi uwezo wake ni wati 900 tu. Usitegemee kucheza saa nzima kwa betri. Unanunua dakika chache za kusevu na kuzima kwa utaratibu, na kinga ya kile kishindo cha kurudi.

Hewa. Kila kipoza duniani, kiwe cha maji au cha feni, hakiwezi kushusha prosesa chini ya joto la chumba. Mtu wa chumba cha nyuzijoto 20 akipata 70, wewe wa 31 utapata kama 81 kwa vipuri vile vile. Kwa hiyo kasha liwe la wavu mbele, siyo bamba la kioo. Feni tatu zinaingiza, moja au mbili zinatoa, ili ndani hewa iwe na msukumo kidogo kuzidi nje na vumbi lisinyonywe kupitia kila upenyo. Vichujio viwe vya kuchomoka kwa mkono, uvioshe kila wiki mbili.

Kwenye kupoza prosesa mimi ni mtu wa feni. Thermalright Peerless Assassin 120 SE ni ya bei nafuu na inatosha kabisa kwa prosesa ya gemu. Noctua NH-D15 ni ya maisha. Kipoza cha maji cha milimita 360 kinapendeza, lakini pampu ni kitu kinachokufa, na siku ikifa ukiwa Dar unaweza kusubiri wiki nyingi nyingine ije. Feni ikifa unabadilisha kwa dakika tano.

Prosesa: Ryzen 7 9800X3D. Ilitoka Novemba 2024, viini 8 (cores), na keshi ya L3 ya megabaiti 96, yaani kumbukumbu ndogo ya haraka iliyo ndani ya prosesa. Gemu zinapenda keshi kwa sababu prosesa inakuta data karibu badala ya kuifuata mbali kwenye RAM. Jambo linalotuhusu sisi wa joto ni hili: kwenye 7800X3D ya 2023 keshi ya ziada ilikaa juu ya viini kama blanketi. Kwenye 9800X3D AMD waliihamishia chini, viini vikakutana na kipoza bila blanketi katikati. Core i9-14900K ya Intel ina kikomo cha wati 253, wakati 9800X3D imeandikwa wati 120 na kikomo chake ni 162. Kama unahariri video pia kwa ajili ya kipato, kuna 9950X3D ya viini 16. Kwa gemu tupu usilipie viini ambavyo vitakaa vimelala.

Ubao mama wa AM5 (soketi ya prosesa hizi za AMD), wenye chipu ya B850 au hata B650 nzuri. X870E ni ya mtu mwenye sababu. AMD wameahidi kuiendeleza AM5 angalau mpaka 2027, kwa hiyo kuna nafasi ya kubadili prosesa bila kuvunja nyumba. B650 zilitoka 2022, kabla ya 9800X3D, basi hakikisha una kitufe cha BIOS Flashback, usasishe BIOS (programu ya msingi ya ubao) kwa fleshi. Bila hivyo unaweza kukaa na mashine nzima isiyowaka ukidhani vipuri vibovu.

RAM ni gigabaiti 32, vijiti viwili vya 16, DDR5-6000 CL30. Viwili, siyo vinne! AM5 ikibeba vijiti vinne, kasi rasmi inashuka mpaka 3600. Na ukishafunga, ingia BIOS uwashe EXPO (mpangilio unaoipa RAM kasi yake iliyoandikwa), la sivyo RAM uliyoilipia 6000 kwa kawaida itakimbia 4800. Bei za RAM zimepanda vibaya tangu mwishoni mwa 2025, vituo vya data vya akili mnemba vinanunua kila kitu. Micron walitangaza Desemba 2025 kuachana na biashara ya Crucial ya watu wa kawaida. Ukikuta vijiti vizuri kwa bei ya zamani kwenye duka ambalo halijashtuka, chukua siku hiyo hiyo.

SSD, diski ya kuhifadhia gemu: WD Black SN850X au Samsung 990 Pro, terabaiti 2. Za Gen 5 zinajisifu kwa megabaiti 14,000 kwa sekunde, ila kwenye kufungua gemu utaona tofauti ndogo sana na joto kubwa zaidi.

Sasa kadi. RTX 5090 ya Nvidia ilitangazwa kwa dola 1,999, gigabaiti 32 za kumbukumbu, wati 575. RTX 5080 dola 999, gigabaiti 16, wati 360. RTX 5070 Ti dola 749, gigabaiti 16 vilevile, wati 300. Madukani huwezi kuzikuta kwa bei hizo, ila uwiano unafundisha. 5080 ina viini vya CUDA (vinavyofanya hesabu za picha) 10,752 na 5070 Ti ina 8,960, yaani asilimia 20 zaidi kwa bei iliyozidi kwa asilimia 33, na kumbukumbu ni ile ile. Kwa 1440p mimi nachukua 5070 Ti bila kusita, tofauti yake inalipia UPS. Upande wa AMD kuna RX 9070 XT, dola 599, gigabaiti 16, wati 304; ni kadi ya heshima kama hujali sana mwanga wa kufuatilia miale (ray tracing).

Na msidanganywe na grafu za fremu za kuzalishwa. DLSS 4, teknolojia ya Nvidia, inaweza kuongeza mpaka fremu tatu za kubuni kwa kila fremu moja halisi. Picha inalainika kweli, lakini mkono wako bado unasubiri ile fremu halisi. Kwa gemu za hadithi ni nzuri mno. Kwa gemu za kupigana risasi na watu, hesabu fremu halisi peke yake.

Karibuni.

#2 Ziwa_Kubwa

Kaka nimekaa siti ya mbele kabisa, asante sana. Mimi niko Mwanza, ndiye niliyekutumia ujumbe wa pili. Lakini kwa moyo wangu nataka 5090. Nikae nayo miaka sita bila kugusa kitu. Nikosee wapi?

#3 Msuka_Waya

Mdogo wangu hujakosea kutaka. Ngoja tuipigie hesabu, uamue mwenyewe.

Kadi wati 575, prosesa na vingine weka 150, upotevu wa saplai juu yake: ukutani unavuta kama 800 ukicheza gemu nzito. Saa nne kila usiku ni uniti tatu na zaidi za LUKU. Hizo zinalipika. Tatizo ni kwamba wati 800 zote zinaishia kuwa joto ndani ya chumba chako. Kiyoyozi cha BTU 9,000 kinahamisha wati 2,600 hivi. Karibu theluthi ya kiyoyozi inakwenda kufuta kazi ya kompyuta. Bila kiyoyozi, chumba kinakuwa jiko.

Saplai, Nvidia wenyewe wanataka wati 1000. Ukijumlisha kioo na ile miruko ya kadi, UPS ya wati 900 haikutoshi tena, unapanda kundi lingine la bei. Halafu kuna plagi. Wati 575 kwa volti 12 ni ampea 48 zinapita kwenye pini sita. Pini moja ikikaa vibaya, zilizobaki zinabeba mzigo wake na kuchemka. Ripoti za plagi kuyeyuka zilianza na 4090 Oktoba 2022, na 5090 nazo zimeonekana. Ukiinunua, sukuma plagi mpaka uisikie imekaa, usikunje waya karibu na mdomo, usitumie adapta za watu wengine.

Kama una kioo cha 4K 240Hz, chumba chenye kiyoyozi na bajeti ya milioni ishirini, inunue, ni kadi ya ajabu. Kwa milioni kumi na moja utakuwa umenunua injini ya lori ukaifunga kwenye bajaji.

#4 Mtwapa_Mtaani

Salamu kutoka Mombasa. Uzi uko sawa kabisa lakini mmesahau chumvi. Huku kwetu nyumba ziko mita mia mbili kutoka baharini, upepo wa kusi ukivuma unaingia na unyevu wa chumvi. Nilifungua mashine ya mteja, ilikuwa na miaka miwili tu, skrubu za kasha zimeota kutu na meno ya kipoza yamefanya ungaunga mweupe. Dirisha lililo mkabala na bahari usiweke mashine chini yake. Na mashine isikae wiki nyingi bila kuwashwa, lile joto lake linafukuza unyevu. Mimi wateja wangu nawaambia wawashe angalau mara moja kwa wiki hata kama wamesafiri, mtu wa nyumbani awashe.

Jambo la pili, boss, wengi wanakuja wakilia ping, yaani muda wa ishara kwenda kwenye seva ya gemu na kurudi. Wamenunua kadi ya laki tatu za Kenya wakitumaini ping itashuka. Seva ikiwa Ulaya, ishara inakwenda mpaka Ulaya na kurudi. Vuta waya wa mtandao kutoka kwa ruta mpaka kwa mashine, hiyo ndiyo dawa uliyo nayo mkononi.

#5 Dada_Fremu

Msuka_Waya nakubaliana nawe karibu kote, ila usiwafunge watu wote kwenye hali ya hewa ya Dar. Mimi niko Arusha. Julai usiku huku tunavaa makoti ndani, mashine yangu ya 5080 inanipasha miguu na prosesa haivuki 65. Kwetu adui ni vumbi jekundu. Vichujio vyako vya wiki mbili mimi nasafisha kila Jumamosi, na bado nikifungua kasha nakuta unga. Kwa hiyo mtu apime chumba chake kwanza. Kipimajoto cha ukutani ni bei ya chipsi kuku. Kiweke siku tatu pale mezani, ndipo upange vipuri.

Na kwa mabinti wenzangu wanaosoma kimyakimya: kufunga mwenyewe kunawezekana. Nilifunga yangu kwa saa tano, bisibisi moja tu ya msalaba. Msimpe fundi asiyewahi kushika soketi ya AM5. Pini ziko kwenye ubao, siyo kwenye prosesa kama zamani, na zikipinda ubao umekwenda.

#6 Msuka_Waya

Dada, umenisahihisha vizuri na nimepokea. Kipimajoto kiwe hatua ya kwanza kabla ya yote niliyoandika pale juu. Na Mtwapa, hilo la chumvi nimelipuuza kwa sababu mimi niko upande wa juu wa barabara. Walioko karibu na maji walichukue kama lilivyo.

#7 MzeeWaRuwi

Assalaam alaykum vijana. Mimi nipo Muscat mwaka wa kumi na tisa huu, kila nikirudi Unguja nabebeshwa vipuri vya wajukuu na watoto wa jirani. Nawapa machache.

Wengi hununua Dubai, Bur Dubai kule, barabara ya Khalid Bin Al Waleed na jengo la Al Ain Centre. Bei nzuri, VAT asilimia 5 wakati Tanzania bara ni 18 na Kenya 16. Lakini muulize muuzaji waranti ni ya nchi moja au ya dunia. Kadi nyingi waranti yake ni ya pale iliponunuliwa, ikiharibika Unguja itabidi irudi Dubai kwa gharama yako. Hiyo tafauti ya bei inaliwa na safari moja.

Sanduku lifunguliwe mbele yako, namba ya kipuri ilingane na ya kwenye boksi na ya kwenye risiti. Saplai za huku zinakuja na plagi ya pini tatu bapa kama ya kwetu, ya Marekani itakuja na plagi nyengine, ila saplai yenyewe ikiwa imeandikwa 100 mpaka 240 ni kubadili waya tu. Na mashine iliyokwishafungwa msiisafirishe na kadi ndani. Kadi ina uzito, mizigo inarushwa, sloti inavunjika. Itoeni, muibebe mkononi.

#8 Ziwa_Kubwa

Shikamoo mzee, asante sana. Wakuu nimelala na hesabu, nimeachana na 5090. Kuna jamaa hapa mjini ananiuzia i9-14900K na ubao wake, mtumba, nusu ya bei ya 9800X3D. Vipi hiyo? Orodha nyingine ni 5070 Ti, RAM 32, SN850X, kioo cha OLED 1440p, saplai wati 850, UPS 1500VA.

#9 Msuka_Waya

Iache i9 hiyo. Intel walikiri Julai 2024 kwamba prosesa za kizazi cha 13 na 14 zilikuwa zinaomba volti kupita kiasi, wakatoa marekebisho ya BIOS Agosti na Septemba mwaka huo, na wakaongeza waranti kwa miaka miwili. Marekebisho yanazuia madhara mapya, hayaponyi kiini kilichokwishachoka. Wewe hujui jamaa aliikimbiza miezi mingapi kabla ya kusasisha. Itawaka, itacheza, halafu siku moja gemu zitaanza kufunga zenyewe na utaanza kulaumu kadi. Na waranti ya mtumba usiitegemee.

Chukua 9800X3D, au kama pesa inabana, 7800X3D mpya. Kwa 5070 Ti hutajuta. Saplai ya 850 inatosha. UPS hakikisha ni wimbi laini, mwambie muuzaji akuonyeshe kwenye boksi, siyo kwa mdomo.

Siku ya kufunga, usiingize kitu kwenye kasha kwanza. Weka ubao juu ya boksi lake la karatasi, prosesa, kipoza na vijiti vya RAM, unganisha kioo kwenye ubao wenyewe maana 9800X3D ina grafiki ndogo ndani yake. Washa. Kioo kitabaki cheusi dakika kadhaa, mashine haizimi wala haionyeshi kitu. Inaizoea RAM, ndivyo AM5 ilivyo mara ya kwanza. Usizime! Nimeona watu wawili wakichomoa umeme katikati na kurudisha ubao dukani wakisema mbovu. Kaa, kunywa maji, subiri hata dakika kumi. Ukiona ukurasa wa BIOS, piga picha uitupie hapa ndipo tuendelee na kasha.

#10 Ziwa_Kubwa

Nimeelewa kaka. Kipimajoto nimenunua leo, kimesoma 27 saa tatu usiku. Naagiza Ijumaa.